Njiwa Wawili kwa Kila Nyumba

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Leo imetimia miaka arobaini na sita tangu niondoke Dameski. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, sanduku moja, na darubini ya kupimia ardhi niliyoazima ofisini. Sijairudisha.

Nimefungua daftari jipya kwa sababu nina uamuzi wa kufanya, na mimi siamui jambo bila kuliandika. Lamya, binti yangu, anataka nihame. Julai nilianguka kutoka kwenye ngazi ya banda la njiwa, nikalala juu ya kokoto saa tatu nzima, katika jua la Arizona, hadi mleta barua aliponiona. Tangu siku hiyo Lamya hashauriki. Nyumba iliyo mkabala na yake inauzwa. Anasema angependa kuniona akifungua pazia, si kupigiwa simu na hospitali. Yeye ni muuguzi. Anajua simu hizo zinavyopigwa.

Mtaa wake unaitwa Tres Fuentes, yaani Chemchemi Tatu. Hakuna chemchemi hata moja, wala haijapata kuwepo. Kilichopo ni chama cha wenye nyumba, na chama kina kitabu cha masharti chenye kurasa mia na kumi na nane. Lamya amenipa nakala. Alidhani nitaogopa. Hamjui babake.

Mpwa wangu Hazem naye amepiga simu kutoka Dameski, kama kila wiki. Anasema: Mjomba, mlango umefunguka, watu wanarudi kila siku, paa la nyumba yenu bado lipo. Nimemwambia nitafikiri.

Nina njiwa kumi na mmoja. Ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimesoma kitabu cha masharti mara mbili. Kimeandikwa vizuri, lazima niseme. Kila neno limefafanuliwa. Mlango wa gereji usikae wazi zaidi ya nusu saa. Mapipa ya taka yasionekane barabarani ila siku ya kuzolewa. Ukuta upakwe mojawapo ya rangi kumi na tisa, zote zikiwa rangi ya mchanga. Taa za Krismasi ziondolewe kabla ya tarehe kumi na tano Januari. Kuna ukurasa mzima kuhusu kokoto.

Kifungu 7.4: "Hairuhusiwi kufuga mifugo, kuku wala ndege wa kuliwa."

Wa kuliwa! Mwandishi mzuri, lakini hapo ameacha ufa. Njiwa wangu si wa kuliwa. Naweza kuapa mbele ya yeyote.

Ila kiapo changu kina kasoro yake. Kwetu kadhi hakukubali ushahidi wa mfuga njiwa. Alisema mtu anayeapa kila jioni kwamba njiwa wa jirani ameshuka mwenyewe hafai kuapa asubuhi juu ya jambo lingine. Ndiyo maana njiwa wangu mkubwa, dume la miaka tisa lenye jicho moja bovu, nimempa jina la Kadhi.

Nimepiga simu ofisi ya chama. Msichana akacheka, akanisikilizisha muziki robo saa, kisha akasema mambo ya ndege nimuulize mkaguzi, Bwana Vernon Tuttle.

Nikarudi kitabuni. Ukurasa wa tisini na sita ni fomu ya kumripoti jirani. Jina la mwandishi si lazima.

Nikakifunga. Nikanywa kahawa nimesimama.

Kwetu pia jina halikuwa lazima. Nitaandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Katika mtaa wetu wa Midan desturi ilikuwa hivi: njiwa wa mwenzio akishuka kwenye paa lako pamoja na kundi lako, ni wako. Mwenyewe akija kumwomba, muungwana hurudisha. Jirani yetu Abu Zuhair alikuwa na dume la rangi ya kutu, hakuna mfano wake mtaani. Siku moja likashuka kwangu. Abu Zuhair akaja, akanywa chai, akaliomba. Nikamwambia limeshuka lenyewe. Akasema nilimpunga jike mkononi ili kulivuta. Nikamwambia aape. Wiki iliyofuata binamu yangu, karani wa ofisi ya usalama inayopokea maandishi ya aina hiyo, akanionyesha karatasi: kwamba Munir Tarabishi, mpima ardhi, hutuma ishara kwa kutumia ndege. Mistari mitatu. Haikuwa na jina chini.

Nikaondoka Jumanne.

Ni kweli nilimpunga jike. Lakini hiyo siyo hoja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda kuona nyumba nyingine, ili uamuzi uwe na pande mbili. Iko Barabara ya Quartz, nje ya mji. Hakuna chama, hakuna kitabu, hakuna mkaguzi. Dalali akasema hapa fuga hata ngamia. Kutoka kwa Lamya ni dakika ishirini na mbili, lakini moyo ulinifunguka. Nikaona mahali pa banda. Nikaona hata mahali pa kiti.

Kisha jirani akatokea kusalimia. Anaitwa Bi Colleen, mama wa miaka sitini hivi, mcheshi, amevaa glavu ya ngozi mkono mmoja. Juu ya glavu, kipanga. Ana wawili. Huwarusha kila asubuhi. Akaniuliza kama napenda ndege. Nikasema sana.

Nimerudi nikifikiri. Pasipo na masharti mimi nina uhuru, na jirani ana uhuru. Wangu una mabawa, wake una kucha. Katika miaka yangu yote ya kulaani masharti sikuwahi kulitazama jambo kutoka upande wa njiwa.

Quartz imefutwa. Itabidi niingie Tres Fuentes, na niingie na ndege.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa pili, na huu ni wa kisayansi. Kifungu 9.2 kinasema kibanda cha uani kinaruhusiwa mradi "kisionekane na mtu aliyesimama barabarani". Basi! Miaka thelathini na moja nimeipimia wilaya hii ardhi. Najua mtu aliyesimama barabarani anaona nini.

Nilifika saa tatu asubuhi, nikasimamisha darubini juu ya miguu yake mitatu mbele ya nyumba inayouzwa. Ukuta wa nyuma una futi sita. Nikapima kutoka pembe nne. Banda likiwa na futi tano na inchi saba, hakuna mwanadamu atakayeliona, labda awe mcheza mpira wa kikapu.

Dakika ya kumi na moja kigari cha gofu kikaja. Ndani yake mzee mrefu, mkavu, kofia ya kijeshi iliyopauka, rula ya chuma mfukoni. Bwana Tuttle. Akasema amepata ripoti tatu juu yangu. Moja inasema mimi ni mtu wa kodi, moja mtu wa bomba la gesi, na moja inasema mimi ni mwizi mwenye utaratibu.

Nikamweleza kwamba ni babake Lamya wa namba 38 na napima kibanda cha bustani. Ndege sikuwataja. Akaomba kuchungulia kwenye darubini. Nikamwelekezea mlima. Akatazama kwa muda mrefu. Kumbe jeshini alikuwa mtunza ghala, na kwa miaka ishirini alihesabu vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avihesabu. Nilimwelewa mara moja, na hilo halikunifurahisha.

Akaniuliza umri. Sabini na mitano. Akasema yeye sabini na minane, kwa hiyo nimwamkie. Tangu hapo ananiita bwana mdogo.

Nilimuuliza, kwa ujanja, kama masharti yao hayazidi kipimo. Akasema kabla ya kuhamia hapa aliishi mahali pasipo na chama. Jirani alikuwa akitengeneza pikipiki mchana kutwa. Mkewe Tuttle alikuwa anaumwa. Kila alipomwomba jirani, jirani alimjibu kwamba hakuna sharti. "Mke wangu alikufa hajapata usingizi wa mchana wiki sita," akasema. Kisha akapima majani ya jirani kwa rula, akaondoka.

Lamya hufanya kazi usiku na kulala mchana. Nimesimama mbele ya nyumba yake. Hakukuwa na sauti hata ya mbwa. Nimekwenda kule kuwatafutia njiwa wangu ufa. Sikutegemea kukuta usingizi wa binti yangu umejengwa kwa kitabu kile kile.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekaa bandani tangu asubuhi. Hesabu zote ni sahihi. Banda halitaonekana.

Njiwa huruka. Hilo sikulipima.

Jumapili, 19 Oktoba

Mpango wa tatu ni jaribio. Katika mtaa ule watu hutazama mapipa, majani na milango ya gereji. Je, kuna atazamaye juu?

Nilitia njiwa wanne kikapuni, nikaendesha maili thelathini na moja, nikawafungulia uani kwa Lamya saa moja asubuhi. Yeye alikuwa kazini bado. Walipaa, wakazunguka mara tatu juu ya vigae, jua likiwapiga chini ya mabawa. Mwanamke alipita na mbwa. Hakuinua kichwa. Mwanamume alitoa pipa. Hakuinua kichwa. Ushindi!

Watatu wakashika njia ya nyumbani, kama inavyotakiwa. Njiwa aliyekua hurudi alikozaliwa. Umfungie mwaka mzima mahali pengine, umlishe ufuta kwa mkono, siku utakayomfungulia atarudi. Hakuna ndege mwenye ukaidi huo, na nimewahi kufikiri kwamba ndiyo sababu nawafuga.

Kadhi hakurudi. Alizunguka mara ya nne, akachoka, akatua juu ya paa la nyumba yenye bendera. Nikamwita. Nikampigia mluzi. Akanipa mgongo. Lamya alipofika kutoka kazini akaniuliza kwa nini nimesimama barabarani na kikapu kitupu. Nikasema napunga hewa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Simu saa mbili asubuhi. Namba yangu iko kwenye pete ya mguuni mwa Kadhi. Bwana Tuttle akasema: "Nina ndege wako hapa, bwana mdogo. Amekaa juu ya kofia yangu, na mimi nimeivaa."

Nikaenda. Nyumba yenye bendera ni yake, namba 41. Kadhi yuko juu ya meza ya jikoni, anakula mbegu za alizeti katika kiganja cha mkaguzi. Nikakiri: nina njiwa kumi na mmoja, na kibanda cha bustani kilikuwa banda. Tuttle hakukasirika. Akasema alishajua tangu Jumatano, kwani hakuna mtu anayepima kibanda cha jembe kutoka pembe nne.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikaribishwa vizuri, nikafurahi, nikaanza kusimulia. Nikamweleza paa la Midan, makundi ya jioni, na desturi yetu: ndege akishuka kwako, ni wako. Nilisema kwa madaha. Yalikuwa maneno ya mezani, kama mtu anavyosema nyumba yangu ni yako.

Tuttle akafikiri kwa uzito, kama wafikirivyo watu wa masharti. Akauliza kama desturi hiyo imeandikwa. Nikasema ni ya zamani kuliko maandishi. Akasema, basi, anashukuru sana.

Nikabaki na kikapu kitupu. Ningewezaje kumwambia kwamba muungwana humrudishia mwenyewe akiomba? Ningekuwa naomba.

Nilipofika nusu ya njia maumivu yalikuwa yamegeuka mpango. Mpango wa nne, na ndio bora kuliko yote. Mwache mkaguzi akae na ndege! Ampende! Mtu hubadilisha sharti siku linapombana yeye.

Jumatano, 29 Oktoba

Mpango unakwenda vizuri mno. Nimemtembelea Tuttle mara tatu. Amejenga kizimba ndani ya gereji: mbao safi, kona za mraba, futi nne, inchi tisa na robo. Nilipima. Mtu ambaye hutoza faini kwa mlango wa gereji uliokaa wazi dakika thelathini na tano sasa anaufunga wake upesi mtu akipita. Ana aibu kama kijana aliyeficha sigara.

Na ameandika pendekezo kwa mkutano mkuu wa tarehe kumi na tano Novemba: njiwa wawili kwa kila nyumba, banda lisizidi futi tano. Ameliandika vizuri. Nimerekebisha koma moja tu.

Ningekuwa mtu mwingine ningelala usingizi mzuri. Lakini leo nilipoingia gerejini Kadhi hakugeuka. Tuttle alipoingia, Kadhi alifura shingo, akazunguka, akaimba. Akaimba! Kwangu hajaimba tangu mwaka juzi.

Tena Tuttle anamwita Sajini.

Jumapili, 2 Novemba

Nimefikiri sana juu ya jirani mwema ni nani. Nimeandika kurasa mbili. Nimezichana.

Kisha nimechukua kitabu cha masharti, nikafungua ukurasa wa tisini na sita. Nilitaka tu kuona fomu inavyojazwa. Niliandika hivi:

Katika gereji ya namba 41 mna kizimba cha ndege, futi nne, inchi tisa na robo, kinyume cha kifungu 7.4.
Ndege ni dume, jicho la kushoto bovu.
Mwenye nyumba ni mkaguzi mwenyewe.

Nikahesabu mistari. Mitatu.

Nikaongeza wa nne ili isifanane: Anamwita Sajini, jina lisilomstahili.

Mahali pa jina nikaacha wazi. Nikatia kwenye sanduku la posta kabla ya adhuhuri. Nilijiambia kwamba sitaki Tuttle apate madhara, nataka ndege wangu tu. Huenda Abu Zuhair naye alijiambia hivyo. Ila yeye alikuwa mbaya.

Ijumaa, 7 Novemba

Tuttle amekuja kwangu. Maili thelathini na moja, na hapendi barabara kuu. Alikuwa na boksi la kofia lenye matundu. Aliliweka juu ya meza, akakaa. Nikampa kahawa. Kadhi alitoka, akanitazama kwa jicho zima, akarudi ndani ya boksi.

Alisema mtu amepeleka fomu. Kamati imemwita, naye amekubali kosa na kuacha ukaguzi. Mtu hawezi kukagua milango ya wenzake na wake unaficha kitu. Faini amelipa siku hiyo hiyo. Alisema aliyeandika alifanya haki, kwani sharti lilikuwa bado halijabadilika.

Nikasema watu wa mtaa wenu wana macho makali.

Akatoa rula yake, akaipangusa kwa kidole. "Robo inchi," akasema. "Nina majirani mia mbili na kumi na watatu. Wengi hawajui urefu wa milango yao."

Nikamwongezea kahawa, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

"Ungeniomba tu, bwana mdogo. Ningekupa siku ile ile."

Kisha akauliza habari za banda, nikamwonyesha. Akakaa na njiwa saa nzima. Aliwahesabu kama mimi ninavyowahesabu, kwa kidole na bila sauti. Alipoondoka alinipa mkono, boksi akaliacha mezani.

Mtu aliyekaa kwenye kiti kama kile miaka arobaini na sita iliyopita alikuwa Abu Zuhair. Yeye alikuja kuomba. Sikumpa. Leo nimejua kiti kile kinavyoonekana kutoka pande zote mbili. Ni jambo la kumfanya mtu afikiri. Nitalifikiri mambo yakitulia.

Hazem amepiga simu. Abu Zuhair yu hai. Miaka tisini na mmoja! Anauliza habari zangu. Nikamwambia Hazem laini ni mbaya, nikakata.

Jumamosi, 15 Novemba

Mkutano mkuu. Nilikaa nyuma na Lamya kama mgeni wake. Nyumba mia mbili na kumi na nne, walihudhuria kumi na tisa, na naamini wanane walifuata keki.

Nilikuwa nimeshakata tamaa. Mkaguzi aliyeaibika hasimami kutetea ndege. Usiku wa jana nilikuwa nimemwambia Lamya kwamba nitabaki kwangu na ngazi yangu. Hakugomba. Alisema tu, "Sawa, Baba. Basi nitaendelea kulala na simu mkononi." Hilo lilinichoma kuliko ugomvi.

Tuttle akasimama. Si kama mkaguzi, kama mwenye nyumba wa namba 41. Akasoma pendekezo lake, pamoja na koma yangu. Bi Marjorie wa kamati akauliza habari za kinyesi. Mwingine akauliza, leo njiwa, kesho je, tausi? Tuttle akasema sharti zuri lina mpaka, na mpaka wa hili ni wawili. Kisha akakunja karatasi.

"Kuna mzee anataka kuishi mkabala na binti yake," akasema. "Ana njiwa. Sisi tuna sharti. Mmoja kati ya mzee na sharti lazima apungue kidogo. Mzee hapungui. Nimemjaribu."

Wakacheka. Kumi waliinua mikono. Tisa hawakuinua. Imepita.

Lamya akanigeukia, machozi machoni, akanong'ona: "Baba, umemfanyia nini mtu huyu hata akupende hivi?"

Nikatazama keki.

Jumapili, 11 Januari 2026

Nimehamia wiki ya tatu leo. Asubuhi Lamya akirudi kazini hufungua pazia, mimi huinua kikombe, yeye hulifunga akalala. Mtaa uko kimya. Mapipa hayaonekani. Taa zangu za Krismasi zilishuka siku sita kabla ya wakati, na nimeandika barua kwa namba 52 kuwakumbusha zao. Nimetia sahihi. Mtu hubadilika.

Katika kumi na mmoja nilichagua wawili: Kadhi, na jike mchanga mweupe. Wengine tisa niliwapa chama cha wafugaji njiwa upande wa pili wa mji. Mnunuzi wa nyumba yangu amepiga simu. Saba wamekwisharudi kwake. Banda limebomolewa, kwa hiyo wanakaa ukingoni mwa paa, wamejipanga, wanatazama mahali lilipokuwa. Aliniuliza afanye nini. Nikasema awape maji.

Kadhi peke yake hana shida. Anazunguka juu ya Tres Fuentes kama aliyezaliwa hapa. Kila siku huwa namtazama, najiuliza kama ni uvivu au ni hekima.

Tuttle amejipatia wawili wake. Mmoja ni jike wa rangi ya kutu. Sijaona rangi ile tangu Midan. Nilimsifu mbele yake, kidogo, nisizidishe. Leo asubuhi alimfungulia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa uani, Kadhi mkononi, kwa bahati. Nikamwinua kidogo ili apate hewa. Huenda mara mbili. Jike akazunguka, akaona, akashuka. Nikafunga mlango wa banda kwa sababu kulikuwa na upepo.

Saa nne Tuttle akabisha, kofia mkononi. Akauliza kwa upole kama jike wake yuko kwangu. Nikamwambia ameshuka mwenyewe. Nikamkumbusha desturi. Akautazama mkono wangu. Kadhi alikuwa bado amekaa juu yake. Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutafuta ufunguo mfukoni. Kisha akavaa kofia, akavuka barabara.

Nimehesabu bandani. Watatu. Sharti linasema wawili. Nitasoma kifungu tena, huenda kuna ufa kwa ndege mgeni.

Mchana Hazem alipiga simu. Abu Zuhair ametuma ujumbe, na Hazem alikuwa ameuandika ili asikosee. Mzee anasema ile mistari mitatu aliiandika yeye, na hajapata usingizi mzuri tangu hapo. Anasema nirudi. Paa lake na letu bado yamepakana. Tutakaa juu, tutakunywa chai, tutatazama wanaorusha njiwa jioni. Anaomba neno moja tu kutoka kwangu: kwamba siku ile nilimpunga jike.

Nilikaa na ujumbe ule hadi jua likageukia upande wa pili wa ukuta. Niliiona chai. Niliuona mkono wake ukishika glasi kwa juu, pasipo na moto, kama alivyozoea. Nilikumbuka ngazi ya paa letu ina vidato kumi na saba, na kwamba cha tisa kililegea.

Kisha nikampigia Hazem, nikamwambia amjibu hivi: njiwa yule alishuka mwenyewe.

Sitarudi.